Wale 14 Waliobaki Kwao: Neno juu ya "Squid Game" na mabishano ya vijana wetu



Ekleziya haikungojea siku za leo ili iseme juu ya sinema. Papa Pio XI alitoa barua Vigilanti Cura mwaka wa 1936. Papa Pio XII akatoa Miranda Prorsus mwaka wa 1957, juu ya sinema, radio na televizyo. Na tarehe 4 desemba 1963 Mababa wa Konsilio ya pili ya Vatikano wakatoa Inter Mirifica. Siku zile mutu aliyetaka kuona filme alipashwa kwenda kwenye nyumba ya sinema, na padri aliweza kusimama karibu na mulango na kushauri: hii muitazame, ile muiache. Leo mulango ule hauko tena. Filme inaingia katika telefone ya kijana wa Mangobo ao wa Kabondo, inapita toka kadi moja mpaka kadi ingine, na mbele padri asikie jina lake, vijana wamekwisha kuimaliza na kuanza kubishana.

Nataka kusema juu ya filme moja ya namna ile, na zaidi juu ya mabishano yanayoifwata. Kwani mabishano yale si upuuzi. Vijana wanauliza nani alitenda vema na nani alitenda zambi, nani alikuwa na haki ya kuua na nani hakuwa nayo. Maswali yale ndiyo yale tuliyosoma katika Teolojia Morali. Ni wao wanaoyaleta, bila mutu kuwalazimisha. Na sisi, mara nyingi, hatuko pale.

I. Hadisi yenyewe

Filme ile inaitwa Squid Game. Imetungwa na Hwang Dong-hyuk wa Korea ya Kusini, aliyeiandika karibu miaka 10 mbele apate wa kuipokea. Kampuni Netflix iliionyesha tarehe 17 septemba 2021, na katika mwezi wa oktoba wa mwaka ule ilitangaza kwamba akaunti milioni 111 zilikuwa zimekwisha kuitazama. Sehemu ya pili ilifwata tarehe 26 desemba 2024, na ya tatu, ndiyo ya mwisho, tarehe 27 juni 2025.

Watu 456 wenye madeni wanaitwa pahali pa siri, katika kisiwa. Huko wanacheza michezo sita ya watoto wa Korea. Anayeshinda mchezo anapita. Anayeshindwa anauawa palepale. Kila mutu anayekufa anaongeza won milioni 100 katika chombo kikubwa cha kioo kilichotundikwa juu ya vitanda vyao, ili wote waone feza inavyoanguka. Atakayebaki wa mwisho anaweza kuchukua won bilioni 45 na milioni 600.

Wachezaji hawana tena majina, wana hesabu tu. Wa 456 ni Seong Gi-hun, mutu mwema lakini mupotevu, aliyeharibu mali yake katika kamari. Wa 218 ni Cho Sang-woo, rafiki yake wa utoto, aliyesoma universite kubwa na kuiba feza ya wateja. Wa 199 ni Ali, mufanya kazi aliyetoka Pakistani, ambaye bwana wake hakumulipa mushahara. Wa 001 ni muzee Oh Il-nam, ambaye mwishoni tunajua kwamba ni yeye mwenyewe aliyeuanzisha mchezo.

Sisemi hapa kama filme hii ifaa kutazamwa na wote. Haifai kwa watoto: damu yake ni nyingi, na pahali pengine kuna mambo ya aibu. Lakini wakubwa wameitazama, na hakuna faida ya kujifanya kama hawakuitazama. Tupime basi mambo wanayoyasema.

II. Namna tatu za kuhukumu vibaya

Ukisikiliza vijana wetu wakibishana juu ya watu wa filme hii, utaona namna tatu za kuhukumu ambazo si za kweli.

Ya kwanza ni kuhukumu kwa mapendo. Yule wanayemupenda hakosi; yule wasiyemupenda hafanyi jema. Sang-woo alimuua kwa kisu musichana mwenye jeraha, wa 067, na wote wanamwita mushetani. Lakini katika sehemu ya tatu Gi-hun naye alimufwata kijana Dae-ho na kumunyonga kwa mikono yake, kwa gazabu, juu ya woga wa kijana yule ulioharibu vita yao. Hapo sauti zinashuka. "Alikuwa na uchungu mwingi," wanasema. Ni kweli, uchungu alikuwa nao. Lakini Dae-ho amekufa sawasawa na yule musichana. Uchungu unaweza kupunguza kosa la mwenye kuua. Hauwezi kugeuza kuua kuwe kitu kingine.

Ya pili ni kuhukumu kwa matokeo. Katika mchezo wa goroli wachezaji wanajichagulia wenzao wawili wawili, wakizani watacheza pamoja, na kisha wanaambiwa kwamba mumoja wao atakufa. Sang-woo anacheza na Ali, ambaye anamwita kaka, na Ali anamushinda. Basi Sang-woo anamudanganya, anabadilisha goroli za Ali kwa vijiwe katika mufuko, na anapita. Ali anafungua mufuko, anaona vijiwe, anauawa. Nini wanasema wengi? Wanasema Ali alikuwa zoba. Ndugu zangu, neno hili liliniumiza kuliko damu yote ya filme. Mutu aliyemwamini mwenzake anaitwa mujinga, na aliyemuuza anaitwa mwerevu. Kama hivyo ndivyo tunavyowaza, tutamwambia nini Yeye aliyeketi mezani pamoja na Yuda, na kumupa kipande cha mukate?

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwani inavaa nguo ya hekima. Ni ile ya kusema: "Hakukuwa na njia ingine." Aliua, lakini hakukuwa na njia ingine. Alidanganya, lakini pale kila mutu angedanganya. Waseminari wanaongeza lile neno la kilatini, kwamba haja haina sheria, na kuzani wamemaliza. Nataka kusimama hapa, kwani neno hili halibaki katika filme. Linatoka nje ya telefone na kutembea katika barabara zetu.

III. Kura ya wale 201

Tuangalie hadisi yenyewe inavyosema. Baada ya mchezo wa kwanza, watu 255 wamekufa na 201 wamebaki. Wale waliobaki wanalia, wanaomba kurudi kwao. Na sheria ya mchezo inaruhusu jambo lile: kama wengi wakikubali kuacha, mchezo unaisha. Basi wanapiga kura. Watu 100 wanataka kuendelea. 101 wanataka kuacha. Wote wanarudishwa kwao, wazima, bila kulipa kitu.

Na kisha wanarudi tena. Hakuna bunduki iliyowarudisha. Walirudi kwa sababu nyumbani kulikuwa na deni, na ugonjwa wa muzazi, na polisi, na aibu. Sisemi kwamba mambo yale ni madogo. Ni mazito sana, na mutungaji ameyaonyesha vizuri: sura ya pili ya filme, isiyo na mchezo hata mumoja, inaitwa "Jehanamu", na jehanamu ile ni muji wao wenyewe. Lakini walirudi kwa miguu yao.

Wangapi walirudi? Watu 187. Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, watu 14 hawakurudi.

Nimeuliza vijana wengi: wale 14 walikuwa nani? Hakuna aliyejua. Wengi hawakukumbuka hata kwamba walikuwako. Kosa si lao tu, kwani filme yenyewe haiwafwati. Haituonyeshi sura ya hata mumoja wao, wala namna alivyoishi na deni lake, alivyofanya kazi, alivyomwambia muke wake ukweli, alivyovumilia zarau za jirani. Wale 14 wanapotea kama moshi. Na bado, katika hadisi nzima, ni wao walioona yote, wakajua bei yake, wakasema hapana.

Hapa ndipo mabishano yetu yamepotea njia. Tunauliza: "Wewe ungefanya nini katika mchezo wa goroli?" Swali lile linakuja wakati umekwisha kupita. Mutu akiwa amekubali kuketi pale, mbele ya rafiki yake, na mumoja tu ataondoka, kila njia iliyobaki ni mbaya, na zamiri yake imekwisha kubanwa. Uchaguzi mukubwa ulifanyika mulangoni. Wazee wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na tena: tamaa mbele, mauti nyuma. Hawakusema kwamba ukuta hauwezi kujengwa tena. Walisema tu kwamba ufa huonekana mbele ya ukuta kuanguka.

Na lile neno la kilatini? Tulifafanue vizuri, kwani wengi wanalibeba bila kulifungua. Mutakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba mutu mwenye njaa kali, asiye na namna ingine, akitwaa mukate wa mwingine ili asife, hatendi wizi, kwani mali ya dunia Mungu aliiweka kwa ajili ya wote. Hapo sheria ya mali inainama mbele ya uzima. Lakini Tomaso yuleyule hasemi popote kwamba mwenye njaa aweza kumuua asiye na kosa. Haja yaweza kufungua gala la mwenye mali. Haiwezi kufungua shingo la jirani. Aliyenyosha sheria ile mpaka kwenye damu amechukua maneno ya mwalimu na kuacha mafundisho yake.

IV. Kwetu si mchezo

Hapa mutu wa Kisangani anaweza kunijibu: "Padri, wewe unasema juu ya mulango. Sisi hatukupewa mulango." Ana haki. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya muji wetu, na mabomu zaidi ya 6000 yakaanguka juu ya nyumba, masoko, makanisa na hospitali. Hakuna mutu wa Tshopo ao wa Makiso aliyepiga kura ili aingie katika mambo yale. Vilevile mwaka wa 1964, waasi Simba walipouteka muji huu uliokuwa unaitwa Stanleyville. Vilevile mwaka wa 2023, watu wa Lubunga walipovuka muto na mizigo yao juu ya kichwa, juu ya ugomvi wa Wambole na Walengola.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kuna mutu aliyeingia, na kuna mutu aliyeangukiwa. Kumwambia aliyeangukiwa na vita kwamba alichagua ni uwongo na ni ukatili. Mukatekista asifanye kosa lile hata siku moja.

Lakini hata katika kuangukiwa kunabaki mulango mumoja mudogo, na ushuhuda wake tunao katika nchi yetu. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, sista wa Jamaa Takatifu, alitolewa Bafwabaka pamoja na wenzake mwisho wa novemba 1964 na kupelekwa Isiro. Hakuchagua kupelekwa kule. Usiku wa kuamkia tarehe 1 desemba, mukubwa wa waasi alitaka kumutwaa kwa nguvu. Akakataa, akapigwa, akauawa, na mbele ya kufa akamwambia muuaji wake kwamba anamusamehe. Papa Yohana Paulo II alimutangaza Mwenye Heri Kinshasa, tarehe 15 agosti 1985, na siku ileile, kwa jina la Ekleziya yote, akamusamehe naye yule aliyemuua. Anuarite hakuwa na bunduki, hakuwa na njia ya kukimbia, na bado hakusema kwamba hakukuwa na njia.

Kuna na mwingine, wa wakati wetu sisi, ambaye vijana wetu wangepashwa kumujua kuliko wote wa filme ile. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka wa 1981. Alikuwa na diploma, alipata kazi katika ofisi ya serikali inayopima bidhaa kwenye mpaka, alikuwa muchumba, na alisaidia watoto wa barabarani pamoja na jamaa ya Sant'Egidio. Walimuletea feza ili aruhusu vyakula vilivyooza kupita na kuuzishwa kwa watu. Akakataa. Walirudia, akakataa tena. Mwezi wa julai 2007 walimukamata na kumuua, naye alikuwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri kule Roma tarehe 15 juni 2025.

Muangalie tarehe hizi. Siku 12 tu baadaye, tarehe 27 juni 2025, sehemu ya mwisho ya Squid Game ikatoka. Katika mwezi mumoja dunia ilipewa hadisi mbili juu ya swali moja: feza inaweza kununua uzima wa wengine ao hapana? Ile ya Korea vijana wetu waliijua usiku uleule. Ile ya Goma, ya kijana aliyesema kiswahili kama wao, wengi hawajaijua mpaka leo. Floribert naye alikuwa mulangoni. Yeye ni mumoja wa wale 14, na sura yake tunaijua.

Na Artikle 15, ile sheria isiyoandikwa ambayo Wakongo wote tunaijua kwa kichwa, kwamba kila mutu ajitafutie? Kutafuta si zambi. Mama anayeuza makala na pondu tangu asubuhi mpaka usiku ili mutoto asome, huyo anatafuta. Lakini mwalimu anayeuza pointi za mutihani, muganga anayeacha mugonjwa chini mpaka familia ilete feza, na mwenye kuambia vijana wa kabila lake kwamba ni kuua ao kuuawa, hao wamekwisha kuingia kisiwani. Na neno lao wote ni moja: hakukuwa na njia ingine.

V. Kesi mbili

Mapadri wa zamani walikuwa na desturi ya kuweka katika gazeti lao kesi moja ya zamiri, ili wasomaji wajizoeze. Niweke mbili, zile zinazobishaniwa sana.

Kesi ya kwanza ni ya mama Geum-ja, wa 149. Aliingia mchezoni kwa ajili ya mwana wake Yong-sik, mwenye madeni. Katika mchezo wa kujificha, wengine walipewa visu na amri ya kuua mutu mumoja kila mutu, ama wao wafe. Yong-sik alikuwa bado hajaua. Akakuta mama yake pamoja na musichana aliyekwisha kuzaa palepale, akainua kisu juu ya muzazi yule na kitoto chake. Mama akamuchoma mwana wake na sindano ya nywele ili amuzuize. Wakati ukaisha, na walinzi wakamupiga Yong-sik risasi. Usiku ule mama yule akajinyonga.

Je, alimuua mwana wake? Nasema hapana. Mutu ana haki, na pengine ana wajibu, wa kumukingia asiye na nguvu, kwa nguvu inayotosha, hata kama mushambulizi ni wa damu yake. Tomaso wa Akwino alikwisha kueleza kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja linalotakiwa na moja lisilotakiwa. Mama yule alitaka kisu kishuke. Hakutaka mwana afe. Waliomuua ni wale waliotunga sheria. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kujiambia hivyo, na hakuwako mutu wa kumwambia. Kifo chake cha usiku ule ndicho kinachonihuzunisha, na nitakirudilia.

Kesi ya pili ni mwisho wa Gi-hun. Juu ya munara wa mwisho wamebaki yeye, na kitoto kile kichanga, na baba wa kitoto aliyekuwa tayari kukitupa. Baba anaanguka katika kupigana, lakini kifo chake hakihesabiwi, kwani kifungo cha kuanzisha mchezo kilikuwa bado kufinywa. Mumoja kati ya wawili apashwa kuanguka. Gi-hun anaweka kitoto chini na kujiachilia.

Wengine wanasema: amejiua. Wengine: amekuwa kama Kristu. Mutakatifu Maksimiliano Kolbe, katika Auschwitz mwaka wa 1941, alijitoa achukue nafasi ya baba mumoja wa familia. Lakini Kolbe hakujiua, alikubali kuuawa na wengine. Vitabu vyetu vya zamani vinatoa mufano wa watu wawili baharini na ubao mumoja: aliyemwachia mwenzake ubao hakujiua, kwani kinachomuokoa mwenzake ni ubao, si kifo. Katika munara ule, kinachookoa kitoto ni kifo chenyewe. Ndiyo tofauti, na museminari asiiruke.

Basi nasema hivi. Upendo wa mutu yule ni wa kweli, na Evanjili ya Yohana inatufundisha namna upendo wa kutoa uzima kwa ajili ya rafiki ulivyo mukubwa. Tendo la kujitupa, likipimwa peke yake, hatuwezi kulifundisha kama mufano. Na roho yake, angekuwa mutu wa kweli, tungeiacha katika mikono ya Mungu, kwani Katekismu yatuambia kwamba woga mukubwa na mateso vyaweza kupunguza hatia. Lakini tusisahau kuuliza nani aliyejenga munara ule. Mabishano yakidumu juu ya Gi-hun tu, wenye munara wanakwenda kulala wakicheka.

VI. Sifa na upungufu wa filme

Nisiwe mwenye kunyima haki. Kama kazi ya sanaa, filme hii ina nguvu. Inter Mirifica inakubali kwamba kuonyesha ubaya kwaweza kumusaidia mutu ajue moyo wake vizuri zaidi, kama kukifanywa kwa kiasi na kwa heshima ya sheria ya Mungu. Squid Game yatuonyesha deni linavyomugeuza mutu kuwa hesabu. Yatuonyesha matajiri wenye vinyago vya zahabu wakiketi katika viti vya kulalia na kuweka kamari juu ya vifo vya masikini. Na katika mchezo uleule wa goroli iliweka musichana wa 240, Ji-yeong, aliyeacha goroli yake ianguke kwa makusudi ili mwenzake apite. Vijana wanaosema kwamba pale kila mutu angedanganya wamusahau huyu musichana. Mutungaji hakumusahau.

Kiasi, lakini, hakikushikwa. Kifo kinarudia mara nyingi mpaka macho yanazoea, na mutazamaji anajikuta ameketi karibu na wale wenye vinyago, anangoja nani ataanguka. Kampuni yenyewe haikuelewa hadisi yake, ao iliielewa na kuipita: tarehe 22 novemba 2023 ilianza kuonyesha mashindano ya kweli, yenye watu 456 waliovaa nguo zilezile na kucheza michezo ileile, bila kufa, kwa dola milioni 4 na 560 elfu. Hadisi iliyotungwa kukemea mchezo ikawa mchezo.

Upungufu mukubwa zaidi ni mwingine. Katika filme nzima watu wanajisingizia, ao wanajichukia, hakuna anayesamehewa. Sang-woo, aliposhindwa, alijichoma kisu. Mama Geum-ja alijinyonga. Gi-hun alibeba damu ya Dae-ho mpaka munarani. Kati ya kusema "hakukuwa na njia" na kujiua, mutungaji hakuona barabara ya tatu.

Na sisi tunaijua barabara ile, kwani inapita katika kiti cha maungamo. Katika parokia zetu kuna watu waliotenda mambo mazito katika miaka ya vita. Wengine walikuwa watoto walipopewa bunduki. Wanakuja, wanapiga magoti, wanasema polepole, na mara nyingi neno lao la kwanza ni lile: "Padri, hakukuwa na njia ingine." Pengine ni kweli, na padri apashwa kusikiliza kwa makini, kwani asiyekuwa na uhuru hana hatia nzima. Lakini tusifanye haraka ya kuwafariji kwa neno lile. Mutu akiambiwa kwamba hakuchagua kitu, anatolewa muzigo, ndiyo, lakini anatolewa na mulango vilevile, kwani hakuna awezaye kutubu jambo ambalo hakulitenda yeye. Usiku atalala na damu ileile, bila mutu wa kumusamehe. Bwana Yezu hakumwambia yule mwizi aliyetundikwa kando yake kwamba umasikini ulimulazimisha. Alimusikiliza akikiri, akamupa Paradizo.

VII. Kwa wakatekista

Namna gani tutafanya? Kukataza tu hakutoshi, na kucheka pamoja nao hakufai. Vijana wa Kizito-Anuarite ao wa CEVB wakianza kubishana juu ya filme ya namna hii, mukatekista aketi pamoja nao na kuwauliza maswali matatu, kwa mupango huu. La kwanza: mutu huyu aliingia, ao aliangukiwa? La pili: ni mulango gani uliokuwa wazi mbele ya kufika hapa, na nani aliupita? La tatu: sasa amekwisha kutenda, nani atamusamehe, na namna gani? Maswali haya hayahitaji vitabu vingi. Yatawafikisha vijana mbali kuliko kupiga kura juu ya nani mwema na nani mubaya.

Na kisha awasimulie Floribert na Anuarite, si kama sanamu za kuweka kwenye ukuta, lakini kama watu waliokuwa na mushahara mudogo, na woga, na familia iliyowangojea. Awaonyeshe ofisi ile ya Goma, makaratasi juu ya meza, feza katika bahasha, na kijana wa miaka 26 ambaye aliweza kuweka mukono wake na kwenda kuoa. Awaache wabishane juu yake yeye. Wataulizana kama alikuwa zoba. Mabishano yale ndiyo tunayoyahitaji katika Kisangani, kwani kesho wengi wao watakuwa wenye ofisi, na mutu ataingia, atafunga mulango, na ataweka bahasha juu ya meza.